Salamu za Kisiwani

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya nazi, hasira hunirudia. Mama alinipaka hayo siku kanisa letu la Kitengela lilipozuru visiwa. Kisiwa cha tatu kilikuwa mchanga mweupe mtupu, hakuna hata alama ya mguu. Nilitaka tu kuingia majini.

"Tuombe kwanza," akasema mchungaji. Baada ya maombi, kila mtu akasimama kutoa salamu, hata mjomba ambaye huwa haongei.

"Mama, niende?" nikanong'ona.

"Wewe! Ngoja zamu yako usalimie watu."

Nilipomaliza "Bwana asifiwe" yangu ya aibu, nahodha alikuwa anapiga kelele: "Pandeni boti! Maji yanajaa, mchanga unafunikwa!"

Tukiondoka, Mama alinipigapiga begani. "Si sasa umeona bahari?"

"Ndiyo, Mama."