Mazoezi ya Mchana

Umeme umekatika tena, na ofisi husika, kama ilivyo desturi yake, haijatoa maelezo yoyote. Mjukuu wangu amewasha taa ya mafuta, na harufu yake imenirudisha katika nyumba yetu ya kilimani, upande wa Nyabiondo.

Mama alitufunga macho kwa vitambaa mchana kweupe, ili tujifunze kukimbia gizani iwapo wenye bunduki wangekuja. Kila mtoto alipaswa kupapasa ukuta wa udongo, ashike furushi lake la maharagwe, kisha atokee mlango wa migombani.

"Mama, si jua iko inawaka!" mdogo wangu alicheka.

"Cheka tu. Ile siku hakuna mutu atakuwashia taa."

Tulipotoka na kufungua vitambaa, mdogo wangu hakuwapo. Mama alimwita mpaka sauti ikamkauka, ndipo kicheko kikasikika chini ya kitanda.

Hakumchapa. Alimwinamia, akasema polepole, "Ile siku ukijificha, mutoto wangu, sitarudi mu nyumba kukutafuta. Niko na hawa wengine."

Tangu hapo mdogo wangu hakugusa tena furushi lake. Alishika kikwembe cha mama, kitenge alichojifunga kiunoni, kutwa nzima, hata mama alipokuwa akisonga ugali, na mama hakuthubutu kuubandua mkono ule.