Mama Alipotoka Ukumbini

Nilipoalikwa kutoa mhadhara wa wazi chuoni, mjini Shinyanga, kuhusu dini na sanaa za Wasukuma, nilimleta mama kutoka kijijini kwetu, Didia. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa mbele. Nilipoonyesha picha ya kijumba cha nyasi cha kutambikia mababu na kuanza kusifia ufundi wake, mama aliinuka akatoka.

Nilimaliza harakaharaka nikamfuata. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Mama, unaumwa?"

"Baba yako alikibomoa cha kwetu tulipobatizwa," alisema. "Haukupita muda, dada yako akafa. Mchungaji alisema ni malaria. Bibi yako akasema ni mababu wamekasirika."

Dada huyo nilimjua kwa jina tu. Habari za kijumba sikuwahi kuzisikia.

"Wewe umesoma," akasema. "Nani alisema kweli?"

Nilikaa kando yake, nikamshika mkono. Baadaye wanafunzi wakaanza kutoka, wakimwamkia. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akawaitikia marahaba mmoja mmoja.