Mkono kwanza, shangwe baadaye: Kinyozi anayeamua mieleka Dunkerly

Saa tano asubuhi, Jumamosi. Lavern Kadlec ameshika kidole gumba cha kijana mwenye kilo mia na ishirini, na anakikagua kama mama anayechagua nyanya sokoni.

"Nenda kakate hizi," anamwambia.

"Zimekatwa, Refa."

"Umezitafuna. Kutafuna siyo kukata. Nenda."

Kijana anaondoka akinung'unika, wenzake wanacheka, na foleni inasogea. Kucha, ngozi, nywele: kila mwanamieleka lazima apite mikononi mwa mwamuzi kabla ya pambano. Kwenye nywele Lavern anakawia kuliko kanuni inavyodai, maana siku za kazi yeye ni kinyozi, na baadhi ya vichwa hivi alikuwa anavinyoa yeye. Siku hizi vingi vinanyolewa Ostrander, mji wa jirani, tena kwa dola tatu zaidi.

Hizo dola tatu ndizo zilizonileta. Nilitaka kujua mji mzima unawezaje kuendesha gari kwenye theluji, ukalipa zaidi na kunyolewa vibaya, ili mradi tu usikalie kiti cha mtu mmoja.

Lavern ana miaka sitini na mmoja. Duka lake, lenye ngazi tatu za saruji mlangoni, alilirithi kwa baba yake. Ujanani alishindana mieleka hadi goti likakataa, akaona afadhali abaki kwenye mkeka akiwa na filimbi kuliko kukaa jukwaani akila bisi. Kwa kawaida mwamuzi hapangiwi pambano la nyumbani, lakini huku jimboni Iowa waamuzi wameadimika, na wageni kutoka jimbo jirani la Nebraska wenyewe humkubali.

"Wanajua sipendelei," anasema. "Ushahidi wanao. Waulize watu wangu."

Watu wake sikuhitaji kuwauliza, walinisimulia wenyewe. Kwenye mgahawa, mwanamume aliyevaa kofia ya kampuni ya mbegu aliniona na kalamu, akaweka mkate wake wa nyama chini. "Unaandika habari za Lavern? Andika hivi: alitunyoa bila maji."

Kisa chenyewe ni cha msimu uliopita. Chuo cha Dunkerly kilikuwa nyuma kwa pointi mbili, na lilikuwa limebaki pambano moja tu, la uzito wa juu. Brody Stensrud, mtoto wa hapahapa, akashinda sekunde za mwisho. Ushindi wake ulileta pointi tatu, kwa hiyo Dunkerly ikawa mbele kwa moja. Ukumbi ukalipuka.

Mpinzani wake alikuwa bado amepiga magoti. Taratibu za mieleka anazijua hata mtoto wa chekechea huku: unavua kitambaa cha rangi cha mguuni kinachokutofautisha na mpinzani, unampa mwenzako mkono, mwamuzi anakunyanyua mkono, kisha unakwenda kumsalimia kocha wa upande wa pili. Brody hakufanya hata moja. Alimruka yule aliyepiga magoti, akakimbia moja kwa moja hadi mbele ya benchi la wageni, akajipiga kifua, akanyoosha kidole na kupiga ukelele ambao naambiwa ulisikika hadi maegesho ya magari.

Wageni wote wakasimama. Lavern akapiga filimbi na kukata pointi moja kwa utovu wa adabu. Ikawa sare, na kanuni inasema kwenye sare timu iliyokatwa pointi kwa utovu wa adabu ndiyo inayopoteza.

Hapo ndipo mji ulipokasirika. Lakini ulichemka zaidi siku chache baadaye, baada ya kujulikana kwamba Brody hakuwa akiwazomea wageni. Nyuma ya benchi lao, mahali pekee kwenye ukumbi ule panapoingia kiti cha magurudumu, alikuwa amekaa babu yake, Norbert Stensrud, mwenye miaka themanini na mitatu. Kidole kile alikuwa akimnyooshea babu.

Mzee Norbert alikuwa mteja wa Lavern tangu kiti kile kikiwa cha baba yake Lavern. Kila Jumanne ya pili wateja wawili walimbeba na kiti chake, wakampandisha ngazi tatu, na yeye akiwaelekeza kama anashusha piano. Tangu siku ile hajakanyaga. Na kwa kuwa Norbert ni Norbert, bingwa wa zamani aliyewafundisha mieleka nusu ya wanaume wa Dunkerly, alipohama yeye wengi wakamfuata.

"Wateja watarudi au hawatarudi," Lavern aliniambia dukani, akifagia sakafu isiyo na nywele. "Nywele zitaota tu. Ila Norbert namtaka. Nimemzoea. Ananitukana vizuri."

Nilimuuliza angefanyaje kama angejua kidole kile kilimnyooshea nani.

"Ningekata tu. Yule mtoto wa Nebraska alikuwa bado chini."

Hapo nikataka kuujua mpaka wenyewe. Furaha inageuka dharau wapi? Lavern ameona mengi: waliopiga sarakasi, waliojifanya wanapanda mahindi juu ya mkeka, mmoja aliyemrukia kocha wake wakaanguka wote wawili, na mwingine aliyekwenda kumwinamia mama wa aliyemshinda. Huyo wa mwisho, anasema, hadi leo hajui kama ilikuwa heshima au matusi.

"Kanuni imeandika utovu wa adabu. Haikusema unafananaje," alisema. "Basi mimi simtazami mshindi. Namtazama aliyeshindwa. Kama yuko chini na wewe unacheza juu yake, tuna shida. Akishasimama, ukampa mkono, nikakunyanyua wa kwako, baada ya hapo furaha ni yako. Ruka hadi darini."

Kwa Mzee Norbert nilikwenda Alhamisi. Nilitegemea kukuta mtu mwenye hasira na Lavern, nikakuta mtu asiyependa kutajiwa Lavern, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nywele zake zilikuwa zimekatwa upande mmoja juu, upande mwingine chini.

"Huyo wa Ostrander ana mikono ya baridi," alisema. "Na anaongea habari za gofu."

"Sasa si urudi kwa Lavern?"

Akavua kofia yake nyekundu ya pamba, akaigeuzageuza mapajani.

"Mtoto hakukimbia mwenyewe," alisema. "Mimi ndiye nilimwita. Honi ilipolia nilimpungia kofia hii, njoo, njoo huku. Kila mtoto wa nyumba hii nimemwambia mkono kwanza. Baba yake nilimwambia, na yeye nilimwambia tangu hajui kufunga viatu. Halafu siku yenyewe nikamwita kama mwehu. Na Brody hajawahi kunitaja kwa mtu. Anasema alisahau."

"Lavern anajua?"

"Hajui."

"Mji unajua?"

"Mji unamlaumu Lavern."

"Utamwambia?"

"Kahawa yako inapoa, kijana."

Turudi ukumbini Jumamosi. Ni pambano la mwisho la Brody, anamaliza chuo, na ni mara ya kwanza kwa Lavern kuchezesha hapa tangu siku ile. Anapoingia na fulana yake ya mistari, jukwaa linamzomea kabla hajafanya lolote.

"Rudi kwenye mkasi!"

"Refa, leo umevaa miwani ya nani?"

Lavern anapiga magoti na kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Nyuma ya benchi la wageni naiona kofia nyekundu.

Dunkerly wanachapwa vibaya, na inapofika zamu ya Brody matokeo ya timu yameshaamuliwa. Brody anaongoza hadi sekunde za mwisho, kisha mgeni, kijana mnene mwepesi aitwaye Dominic, anamzungusha na kumweka chini. Honi. Brody ameshindwa pambano lake la mwisho, nyumbani, mbele ya babu yake. Nilijisikia vibaya kama ni mwanangu.

Dominic anasimama na kumsubiri. Brody naye anasimama, wanapeana mikono, Lavern anaunyanyua wa Dominic. Dominic anakwenda kumsalimia kocha wa Dunkerly. Kisha, akiwa njiani kurudi kwao, kilo zake zote zinapaa, anajipindua hewani kinyumenyume, anatua kwa tumbo na kuteleza hadi miguuni kwa wenzake.

Jukwaa lote linasimama. Watu walewale walioiita adhabu ya kukatwa pointi uonevu mwaka mzima sasa wanaitaka. "Kata pointi! Huo ni utovu wa adabu! Kinyozi, kata!"

Pointi yenyewe isingebadilisha chochote. Lavern anamtazama Brody, anaona amesimama, anaweka mikono nyuma. Hakati.

Kelele zinakuwa matusi. Kikombe cha karatasi kinatua kando ya mkeka. Ndipo sauti inapotoka upande wa wageni, sauti ya mtu aliyefundisha mieleka kwenye maghala ya mahindi kabla ya vipaza sauti.

"Kashika mkono kwanza! Kaeni chini!"

Wazee wanaifahamu sauti ile. Wanakaa. Vijana wanawatazama wazee, nao wanakaa.

Brody anavua viatu vyake, anaviweka pamoja katikati ya mkeka na kuviacha hapo, kama wanavyofanya wote wanaoaga mchezo huu. Babu yake anajisukuma hadi ukingoni na kusimamisha kiti hapo, maana magurudumu hayaruhusiwi kwenye mkeka. Lavern anamfuata.

"Mwaka jana nilimwita mimi," Norbert anasema, bila kupunguza sauti. Safu tatu za kwanza zinasikia, na huku Dunkerly safu tatu zinatosha. "Nilimpungia kofia. Mtoto hana kosa, na wewe huna."

Lavern anafikiri. "Ningekata tu, Norbert."

"Najua ungekata, na ungekuwa na haki. Ndiyo maana ilinichukua mwaka kusema."

"Nywele zako zinatisha."

"Nani hajui?"

Jumapili mchana nilipita dukani. Limefungwa, lakini mwenyewe alikuwa nje, amepiga goti lile zima kwenye theluji, anapigilia mbao. Alikuwa akijenga mteremko wa kufunika ngazi tatu, wenye upana wa kiti cha magurudumu. Wa kubeba mzee, alisema, hawapo tena, na hata wakirudi migongo yao imezeeka.

Nikamwambia amefanya haraka, hata siku mbili hazijapita.

"Mbao zipo tangu Novemba," alisema. "Nilizikata kwa vipimo, nikaziweka chumba cha nyuma."

"Novemba alikuwa hataki hata kusikia jina lako."

"Ndiyo."

Akachukua msumari mwingine. Mpango wake sasa ni kumaliza kabla ya giza, na kesho apake rangi yenye mchanga ili magurudumu yasiteleze. Norbert atakuja Jumanne, saa tatu asubuhi.

"Nimemwambia aje na ile kofia," Lavern alisema. "Atatoka hapa na kipara, na nje kuna baridi."