Sipiyu Aliyoibeba Mjomba

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa na tabia ya kusimama pale pale bibi harusi anapolishwa keki.

Bibi harusi mwenyewe ni binti wa mjomba wangu. Harusi yake niliirekodi mimi, kwa simu na kamera ya kuazima, na vipande vyake nikaviunganisha nyumbani kwetu Rahaleo, kwenye meza ambayo mama aliitumia kupigia pasi. Video ilikwenda vizuri mwanzoni. Wanawake walipiga vigelegele, bwana harusi akajifuta jasho, wazee wakaomba dua. Halafu bwana harusi anainua kipande cha keki, bibi harusi anakipokea mdomoni, na hapo kila kitu kinaganda. Sauti ilikwenda peke yake kidogo, kisha nayo ikakwama kwenye kigelegele kimoja, kama mbu sikioni.

Siku mjomba alipokuja kuitazama alikuja na rafiki zake wawili. Yeye ni mkulima wa mikorosho upande wa Naliendele, mtu wa kucheka kwa sauti. Keki ilipoingia mdomoni na picha ikasimama, alisubiri. Akasubiri tena.

"Huyu mwanangu mbona hamezi?" akauliza.

"Labda keki yenyewe walipika kwa makopa," rafiki yake akasema, maana yake mihogo mikavu.

Wakacheka mpaka mama akaja kutoka uani kuuliza kuna nini. Mimi niligusa vitufe nisivyohitaji kuvigusa, nipate pa kuinamisha uso.

Mjomba hakuitaka ile video kwa ajili yake. Mama yake, ambaye ni mama wa mama yangu pia, anaishi ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Miguu haimpeleki popote tena, na harusi hakuja. Mjomba alikuwa amemwahidi kwamba harusi itamfuata kitandani, nzima, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amemwambia pia kwamba anayeitengeneza ni mtoto wa binti yake. Kwa hiyo alipoacha kucheka alisema, "Chombo hiki kimezeeka. Tutakwenda kutafuta kingine."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Kwa muda mrefu nilikuwa nasoma kwenye simu juu ya kompyuta za kuhariri video. Nilijua kwamba inahitajika RAM ya kutosha, kadi ya picha inayojitegemea, na diski ya aina ile ya haraka. Nilijua pia kwamba kompyuta ya namna hiyo ingechezesha mpira wa kwenye skrini, ule mchezo ambao vijana wa mtaani walikuja kuujaribu kwangu na kuondoka wakitukana. Haya yote niliyajua kwa macho. Kwa mdomo sikuwahi kuyatamka hata mara moja, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumtamkia. Shule niliishia la saba, na maneno mengi ya kompyuta ni ya Kiingereza. Nilipoyasoma niliyapa sauti zangu mwenyewe kichwani, na sikujua kama ndizo.

Dukani, sipiyu, yale maboksi yenyewe ya kompyuta, zilipangwa sakafuni kama magunia ghalani. Zote zilikuwa zimetumika, zimeletwa kutoka Dar es Salaam. Muuzaji alikuwa kijana wa umri wangu, mwepesi wa maneno. Wateja wengine walikuwa wamesimama kwenye kaunta.

Kwetu, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Akiwa anaongea na muuzaji, mpwa anasimama nyuma na kushika mfuko. Mimi nilisimama nyuma, ingawa siku ile hakukuwa na mfuko wa kushika.

Mjomba hakuuliza lolote. Alianza kuziinua sipiyu, moja baada ya nyingine. Anaipakata, anaipandisha na kuishusha kidogo, anaitikisa karibu na sikio, anaiweka. Nilielewa anafanya nini. Hivyo ndivyo anavyofanya na korosho: iliyojaa ni nzito, na inayocheza ndani ya ganda haifai. Kulikuwa na moja ndogo ya kijivu, imekwaruzwa, na kwenye kibandiko chake nilisoma kila kitu nilichokuwa nakitafuta. Mjomba aliiinua kwa mkono mmoja na kuirudisha chini bila kuitazama mara ya pili. Kisha akaifikia ile kubwa nyeusi, yenye kioo ubavuni na taa nyekundu. Ilimbidi apige goti.

"Hii," alisema, akihema. "Hii imejaa."

"Mzee wangu," muuzaji akasema, "hiyo ni nzuri ya macho. Ndani ya zamani. Kama ni kazi ya video, mimi ningekupa ile ya kijivu."

"Ile ndogo? Ile mtu anakimbia nayo kwapani."

Muuzaji akacheka, akanigeukia. "Bro, wewe ndiye wa kuitumia? Unafanyia kazi gani?"

"Za kawaida tu," nikasema.

Mjomba naye akageuka. Akaniuliza vizuri kabisa, kwa upole, "Unasemaje, mjomba?" Ndivyo tunavyoitana, yeye mjomba na mimi mjomba.

Wateja wa kwenye kaunta walikuwa wananitazama. Maneno niliyahitaji machache tu, na yote yalikuwa tayari, lakini niliona nikiyatamka vibaya watacheka, na mjomba atajua kwamba mpwa wake anayemsifia ng'ambo hawezi hata kuliita jina la kitu anachokitaka.

"Yoyote, mjomba. Utakayoipenda."

Akailipia ile nyeusi, akakataa isipakiwe nyuma ya bajaji isije ikagongwa. Alikaa nayo mapajani. Tulipofika kwenye kona ya mtaa wetu, bajaji haikuweza kupita kwa sababu ya mchanga, akajitwika begani. Mjomba wangu si kijana. Alipita nayo mbele ya kila nyumba, shingo imepinda, na kila aliyemsalimu alimjibu kwa kirefu. "Ya mpwa wangu hii! Mnamwona kimya, ana kazi kubwa huyu!" Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba waya.

Tulipoiwasha, mama alipiga kigelegele. Taa nyekundu zilizunguka ndani ya kioo, na watoto wa jirani wakajazana mlangoni. Vijana wa mpira walikuja siku hiyo hiyo. Mchezo ukafunguka, wachezaji wakaingia uwanjani, wakaanza kutembea kama watu walio kwenye tope.

"Sasa hili si friji la disko?" mmoja akasema. "Taa zote hizi, beki hafiki kwenye mpira."

Nikafungua video. Keki ikainuliwa, mdomo ukafunguka, picha ikaganda.

Nilijaribu kila nilichokijua. Nilipunguza ukubwa wa picha, nikatoa mapambo, nikakata maua yaliyokuwa yanaanguka pembeni. Kila nilipojaribu kuitoa video nzima iingie kwenye flashi, boksi lilipata moto na kujizima. Mama, kwa upendo wake, alikuwa amelifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe chenye kingo za bluu, kama kile cha juu ya televisheni. Niliondoa kitambaa, boksi likajizima hata bila kitambaa. Nikakirudisha, nisimuudhi.

Mjomba alikuja Ijumaa baada ya swala, akiwa bado na kanzu. Kesho yake alikuwa anavuka kwenda kwa mama yake. Mama alimwekea kiti mbele ya skrini. Nilitamani kusema umeme umekatika, lakini taa nyekundu zilikuwa zinazunguka.

Akatazama. Akatabasamu pale binti yake alipotoka ndani. Halafu ikafika keki.

"Bado hajameza," mjomba akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Aliweka kiganja juu ya boksi, akakitoa haraka kwa joto.

"Tatizo nini, mjomba?"

Nikamwambia. Sijui nilitumia sauti gani, kwa sababu mama alilazimika kusogea ili asikie. Nilisema kwamba ndani ya boksi vifaa ni vya zamani, kwamba ile ya kijivu ndiyo ilikuwa na vya kazi yangu.

"Umegundua lini?"

"Kule kule dukani."

Alinitazama kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

"Nami nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Kwa hiyo," alisema polepole, "nimejitwika bati mtaa mzima, nawasimamisha watu, na wewe uko nyuma yangu unajua."

Nilingoja anifokee. Kufoka kungekuwa afadhali. Lakini nilimwona yeye akiinamisha macho, anavuta kanzu yake magotini, na nikajua kwamba aibu niliyoikimbia mimi mbele ya watu wasionijua nilikuwa nimempa yeye aibebe, mbele ya watu wote wanaomjua. Mama alisema chai iko tayari. Mjomba akasema hana kiu.

Akaondoka na flashi yenye harusi iliyokatika kabla ya keki. Ndicho kipande kilichokubali kutoka.

Aliporudi kutoka ng'ambo alikuja kwetu moja kwa moja. Bibi yangu alibebwa hadi kwa jirani mwenye televisheni, mjomba akasimulia. Bibi akamtambua kila mtu, akalia kidogo, akamsema mama yangu kwamba amekonda. Kisu kikainuliwa, na picha ikaisha. Bibi akakaa anaitazama televisheni. Wakamwambia imekwisha, akakataa kuondoka.

"Akasema, 'Keki mmenificha kwa sababu sina meno,'" mjomba alimalizia.

Mama alicheka hadi akashika mlango. Mjomba naye alicheka. Mimi nilikwenda uani kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Aliponikuta huko alisema, "Chukua lile boksi. Leo mimi bubu."

Tulilipakia kwenye bajaji, na safari hii alinipakatisha mimi. Dukani, muuzaji alimkaribisha kwa mzaha, "Mzee, taa bado zinawaka?" Mjomba akaninyooshea kidevu, akakaa kwenye benchi la mlangoni na kuangalia barabara.

Nikasema. Nilitaja kadi ya picha kwa jina lake la Kiingereza, lile nililokuwa nalo kichwani.

"Unasemaje?" muuzaji akauliza.

Msichana aliyekuwa anatoa kopi aliguna. Nikarudia. Muuzaji alifikiri, kisha akalisema yeye, kwa namna nyingine kabisa, na hapo nikajua nililisema vibaya. Masikio yaliniwaka. Akaenda kuileta. Basi, hakikutokea kitu kingine.

Alifungua ubavu wa boksi. Ndani palikuwa pakubwa na patupu, na vumbi. Akasema chuma ni kizuri na kifaa cha umeme kina nguvu. Zitolewe roho zake tu, ziwekwe nyingine, na zile za zamani yeye atazichukua. Mjomba alishindwa kuendelea kuwa bubu. Alikuja kuchungulia.

"Hiyo ni kubebesha," alisema. Akamweleza muuzaji jinsi mkorosho mzee usiozaa unavyokatwa juu, shina likabaki, chipukizi zake zikafungwa vikonyo vya mkorosho mzuri. "Mizizi yenyewe haina kosa."

Aliyasema kwa muuzaji, si kwangu. Sikujua kama nami nimo ndani ya maneno hayo.

Siku hizi bibi harusi anameza. Anatafuna, anafunika mdomo kwa kiganja, anacheka. Vijana wa mpira wanakuja na beki anafika. Lakini video ikikaribia pale, mkono wangu huganda juu ya mausi, hata kama niko peke yangu.

Mjomba alipokuja kuchukua flashi ya pili, mama alikuwepo, na wale rafiki zake wawili walikuwepo. Aliipokea, akaipandisha na kuishusha kiganjani, kama kawaida yake. Kisha akakumbuka, akanigeukia, na wote wakanigeukia.

"Hii nayo nyepesi mno," alisema. "Nibebe au nisibebe?"

Hakuwa anatania. Nilikuwa nimeitazama yote, hadi dua ya mwisho. Nilihisi uso unapata moto.

"Beba, mjomba," nikasema.