Kompyuta ya Lukresia na Pasi Yangu

Kompyuta ya Lukresia ilikuwa inafanya kazi Mang'ola na inakufa kwetu Oldeani. Ukimwambia mtu hivyo anacheka. Sisi tulichekwa kipupwe chote, mpaka ikafika mahali mtu akinisalimia tu barabarani namtazama vibaya.

Lukresia nimesoma naye darasa moja. Yeye aliendelea kujifunza kuchapa, akakaa miaka kwenye ofisi ya shamba la kahawa, na walipopunguza watu akapanga chumba kimoja pale senta, akaweka kompyuta na printa. Ni mtu wa kukera. Ukimletea barua ya kuomba kazi anakusahihisha bila kuombwa, na ukibisha anakurudishia karatasi yako ukaandike kwa mkono. Lakini ndiye aliyenikuta nashona nyumbani kwenye kagiza, akaniambia, "Brigita, lete cherehani yako, wateja wangu watakuona." Kwa hiyo chumba ni chake, mimi ni mkaribishwa. Yeye hakuwahi kulitaja hilo. Mimi sikuwahi kulisahau.

Pango la chumba lilikuwa linatoka kwenye kazi moja, mitihani ya shule. Mwalimu mkuu, Mwalimu Silvanus, analeta maswali yameandikwa kwa mkono, Lukresia anachapa na kutoa nakala. Barua za watu na ratiba za misiba ni pesa ya chumvi tu. Kazi ya shule ikiondoka, chumba kinaondoka, na mimi na cherehani yangu tunarudi gizani.

Basi mwezi wa sita, baridi ilipokaza na ukungu wa msitu wa Ngorongoro ukaanza kulala barabarani mpaka saa nne, kompyuta ikaanza visa. Lukresia anabonyeza swichi, kioo kinabaki cheusi, lile sanduku la mashine linalia pii, pii, pii. Anazima, anawasha, pii. Mchana inaamka yenyewe kama mtoto aliyesusa chai. Siku nyingine inaamka asubuhi vizuri tu, na hapo ndipo inapokuchanganya kabisa.

Aliifunga kwenye shuka akaipeleka Mang'ola kwa Fabian, mtoto wa dada yake, ambaye ndiye aliyemuuzia kabla hajahamia huko kufuata pesa za vitunguu. Fabian akafungua, akapuliza vumbi, akawasha. Ikawaka.

"Mama mdogo, hii haina tatizo."

Ikarudi Oldeani. Kesho yake asubuhi, pii.

Akaipeleka tena. Safari hii aligoma kuondoka. Alikaa kwenye banda la Fabian kutwa nzima kwenye joto lile, jasho linamtiririka, anaitazama mashine ili ikifa wote waione. Haikufa. Fabian, nadhani kwa kuchoka kutazamwa, akamuuliza inakaa karibu na nini. Lukresia akanitaja mimi na pasi yangu ya mkaa.

"Basi ni majivu hayo," akasema Fabian. "Pasi itoke."

Jioni hiyo Lukresia aliingia bila hata kuvua mtandio. "Brigita, Fabian amesema pasi ikae barazani."

"Fabian ambaye hajawahi kukanyaga hapa?"

"Nimesema pasi. Sijasema wewe."

"Pasi inajipiga yenyewe?"

Akavua mtandio. Nikaitoa nje, na kuanzia siku hiyo nikawa napigia nguo barazani, upepo unapeperusha majivu kwenye mashati ya watu. Iliniuma. Na mashine ikazidi kuwa mbaya, ikawa haiamki asubuhi hata moja. Siku ya kwanza nilifurahi, kwa nini nidanganye. Furaha ikakatika Jumatano, Mwalimu Silvanus alipokuja.

"Mama, mitihani ya majaribio ya darasa la saba inaanza Jumatatu," alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Ijumaa mchana nisipopata nakala, nampelekea mtu wa Karatu mjini. Na nikishaanza naye, sitahangaika tena huku."

Maswali yote Lukresia alikuwa ameshayachapa, yamo ndani ya lile sanduku, kilichobaki ni kuyatoa. Alhamisi jua halikuonekana, mashine ikalia kutwa. Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka miti ya ng'ambo ya barabara haionekani. Mimi niko barazani na majoho ya kwaya, manyunyu yanaingia, mkaa unataka kuzimika. Nikachoka. Nikanyanyua pasi, nikaingia nayo ndani bila hodi, nikaiweka kwenye bati lake palepale ilipokuwa zamani, mwisho wa meza ya kompyuta, ubavuni mwa sanduku.

"Brigita."

"Nifukuze."

Hakuwa na nguvu ya kunifukuza. Alikuwa ameingiza mikono kwenye sweta, macho mekundu. Nikapiga majoho yangu kwa hasira, kila nikimaliza upande naiegesha pasi pale ubavuni. Yakapita majoho kadhaa. Lukresia naye hasira zikamfika, akaigonga ile swichi kama anampiga mtu kofi.

Ikawaka.

Tukatazamana. Halafu tukaitazama pasi.

"Itoe nje," akasema.

Nusura nimtupie. "Itoe kidogo," akarudia, "nataka kuona kitu." Nikaitoa. Akazima mashine, akafungua dirisha na mlango, ukungu ukaingia mpaka ndani. Tukasubiri tunatetemeka. Akawasha, pii. Nikairudisha pasi, tukasubiri tena, akawasha, ikaamka.

"Inasikia baridi," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Nimepanda gari mara mbili kwenda kwenye joto, kumwonyesha mtu kitu kinachosikia baridi."

Akampigia Fabian, akaweka sauti ya juu nami nisikie. Fabian alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuna mahali pamepata ufa usioonekana kwa macho, baridi ikiingia panaachana, joto likija panashikana. Inaweza kuwa ram, kile kijipande chembamba ambacho mashine inashikia kazi inayofanya wakati huo, au inaweza kuwa bodi kubwa inayobeba kila kitu. Ikiwa bodi, tutafute mashine nyingine. Ili kujua, tuzime, tuchomoe waya wa umeme, tutoe ram, tuache kila kitu kipoe, halafu tupashe ram peke yake na kuirudisha haraka.

"Tuipashe na nini?"

"Mikono tu, mama mdogo. Shika pembeni, usiguse yale meno yake ya kuchomekea."

Akachomoa waya na ram, nami nikakaa na pasi barazani mpaka sanduku likapoa. Mikono ya Lukresia ilikuwa barafu. Yangu ilikuwa imetoka kwenye pasi. Nikakifunga kile kijipande kwenye leso safi, nikakikumbatia viganjani kama kifaranga; kama ni bodi, tumekwisha. Akakirudisha, akawasha. Ikaamka, na chumba chote ni baridi.

"Ni ram," akasema Fabian. "Nawatumia nyingine kwa gari la vitunguu."

"Na mara zote mbili hukuwaza kuibadilisha?"

"Mama mdogo, nitabadilishaje kitu kinachofanya kazi?"

Lukresia akakata simu. Alikuwa na haki, yule kijana, na ndiyo maana ilikera.

Asubuhi yote iliyobaki nilipiga pasi ubavuni mwa mashine isipate baridi tena, mlango wazi nusu tusije tukafa kwa moshi. Majoho yakaisha, nikapiga kitambaa cha meza, nikapiga aproni yangu, nikarudia majoho. Lukresia anatoa nakala na kubana pini. Mwalimu Silvanus alipofika alikuta machozi yanatutoka kwa moshi na karatasi bado zina joto. Akazipekua. "Kumbe mmeweza," akasema, akaondoka nazo. Hata asante hakuacha.

Ram mpya ilikuja wiki iliyofuata. Lukresia aliichomeka mwenyewe, akaisukuma mpaka vishikizo vya pande zote mbili vikalia ta. Kesho yake ukungu ulikuwa uleule. Akabonyeza, na mashine ikaamka mara moja, haikuhitaji mkaa wa mtu.

Nikaitazama ikiwaka. Nikajua kilichonirudisha ndani kimekwisha. Sikungoja kuambiwa mara ya pili, nikanyanyua pasi yangu nikaanza kutoka.

"Unaipeleka wapi hiyo?" akauliza bila kugeuka.

"Barazani. Mashine yako imepona."

Vidole vyake vikasimama juu ya kibodi.

"Mimi bado nasikia baridi," akasema.

Nilikuwa bado na hasira naye. Nikairudisha pasi mwisho wa meza, palepale kwenye bati lake, nikachukua shati la kwanza.