Nilivyofungiwa Chooni na Katapila la Mkwe

Jamani, mimi bibi yenu nimewahi kufungiwa chooni na katapila. Msicheke kwanza.

Asubuhi hiyo binti yangu alikuwa anachimba mtaro wa maji kwa katapila nyuma ya nyumba. Yeye ndiye dereva. Mumewe, mkwe wangu, ndiye fundi.

Nikaingia choo changu cha nje, nikakaa kwa amani.

Paaa!

Mpira unaopeleka mafuta kwenye mkono wa katapila ulichomoka. Mkono ukashuka, ndoo yake ya chuma ikatua mbele ya mlango wangu. Na mlango wenyewe unafungukia nje. Nikausukuma. Wapi!

"Mama, uko salama?" binti akauliza.

"Niko chooni!"

Akacheka, huyo mtoto niliyemzaa kwa uchungu.

Mkwe akaja mbio. Mkwe ninayeheshimiana naye hivi, leo tunaongea kupitia mlango wa choo!

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Harakisha."

Kiungio cha mpira kilikuwa kimepasuka. Akatafuta kingine kwenye kopo lake, akapima upana wa mdomo. Sawasawa. Akakizungusha. Kwii, kikagoma. Akaleta spana ndefu, akakilazimisha. Binti alipowasha injini, mafuta yakamruka fundi usoni.

"Mama, tubomoe ukuta?" mkwe akauliza.

"Ukuta nimejenga mwenyewe, tofali kwa tofali! Hicho kiungio kimezunguka mara ngapi kabla ya kugoma?"

"Mbili."

Hapo nikaelewa. Nimeuza asali kwenye chupa miaka mingi. Mifuniko miwili inaweza kulingana upana kabisa, lakini meno ya mmoja, ile mistari ya kuzungushia, yameachana na ya mwenzake yamebanana. Mfuniko usio wa chupa hiyo huzunguka mara mbili, ukakwama. Ukiulazimisha, unavuja.

"Nipe kile kilichopasuka, na kopo lote," nikasema. "Wewe una haraka. Mimi sina pa kwenda."

Akavipitisha juu ya mlango, uso kaugeuzia pembeni.

Nikasogea kwenye mwanga wa tundu la hewa, nikawa nalaza meno ya kimoja kwenye meno ya kingine. Yakilingana, mwanga haupiti katikati.

Cha kwanza, mwanga. Cha kumi, mwanga. Vingine vimechongoka mbele kama karoti, wakati cha katapila kimenyooka. Nikavitupa kando. Thelathini na nne, hakuna!

"Kulikuwa na kimoja kipya, kinang'aa," mkwe akalalamika huko nje. "Mwezi mzima nakitafuta. Nyumba hii ina mwizi!"

Nikainua macho mlangoni.

Mungu wangu. Kishikio changu!

Kile kidude kizuri nilichookota uani, nikakipigilia mlangoni kwa msumari uliopita kwenye tundu lake.

Nikaking'oa taratibu. Nikalaza meno. Giza tupu.

"Baba, nimekipata."

Kiliingia kwa vidole tu, mpaka mwisho, ndipo akakikaza kwa spana. Ndoo ikanyanyuka. Nikatoka kichwa juu, kama ninayetoka harusini.

"Mama, nimelipekua kopo hilo mara tatu! Umekionaje?"

"Uvumilivu, baba."

Binti akachungulia ndani, akaona tundu la msumari mlangoni. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mkwe naye akachungulia. Kesho yake nikakuta mlango una kishikio cha mbao, na kopo lake lina kufuli.

Wajukuu zangu, kitu kikigoma mzunguko wa pili, msiongeze spana. Kitoeni, muangalie meno.

Na fundi akisema kaibiwa, kabla hujamsaidia kulaani mwizi, katazame kwanza mlango wa choo chako.