Begi Lenye Madirisha

Haya chekeni, maana najua mmenikalia hapa kwa hilo tu, mnataka kusikia siku niliyompeleka paka kwa wakwe. Mimi Mwanaidi sijifichi. Aibu ilinipata mchana kweupe, mbele ya wanawake wa Msambweni ukumbi mzima, na chanzo chake kilikuwa leso moja tu.

Ilikuwa mwaka uliofuata zile mvua za Elnino. Mdogo wangu Bakari alikuwa ameposa Saumu, binti wa Msambweni, na kwa kuwa mama yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mambo yote ya kike yaliniangukia mimi. Sasa bibi yake Saumu, Bi Mwanajuma, hakututaka sisi watu wa Matuga. Alikuwa ameleta neno kabisa: begi la bibi harusi, lile la nguo na manukato tunalopeleka sisi upande wa bwana, likija la mzaha, mjukuu wake haolewi. Bakari alikuwa hali wala halali, na mimi nikamwambia, "Tulia, dada yako yupo." (Nyinyi mnanijua, mdomo wangu hauna pazia.)

Siku hiyo hiyo ya kupeleka begi nilikuwa na safari nyingine ndani ya safari. Shangazi yangu Mishi, anayekaa huko huko Msambweni, alikuwa ameliwa mahindi na panya hata amechoka, na nilimwahidi paka wangu Manjano. Nami paka simtii kwenye kikapu wala gunia, astaghfirullahi! Nilikuwa nikifua nguo katika hoteli moja ya Diani, na niliwahi kumwona mgeni wa Kizungu na paka wake ndani ya begi laini, nikalichunguza mpaka mwenyewe akaanza kunitazama vibaya. Basi nikaenda Kona ya Musa kwenye mabegi ya mitumba, nikachambua lundo zima, nikitaka lenye kitako kigumu paka asining'inie kama embe ndani ya mfuko, na nyavu pande mbili apate hewa, na upana wa kumtosha kugeuka, na zipu ambayo hata akiisukuma kwa pua haifunguki. Nilipolipata nikatia ngumi ndani nikasukuma, nikavuta mishono, nikalitikisa, mpaka muuzaji, kijana wa bara, akasema, "Sista, unanunua begi ama unaipeleka kotini?"

Nikamlaza Manjano humo siku tatu kwa vipande vya ng'onda, samaki mkavu, mpaka akawa anaingia mwenyewe na kukoroma. Nawaambia hakuna paka aliyesafiri kwa raha kama yule pwani nzima.

Basi asubuhi ya safari, tunapanda pikapu ya jirani, binamu yangu Rukia akanikodolea macho. "Mwanaidi, utaingia kwa wakwe na paka wa kuonekana hivyo?" Nikaona kweli, haipendezi. Nilikuwa nimenunua doti ya leso mpya, kipande kimoja nimefunikia begi la bibi harusi kama ada, na cha pili kimebaki. Nikakichukua, nikafunikia begi la Manjano. Nikajisifu kabisa, nikasema sasa tumependeza.

Nia ilikuwa tupite kwa shangazi kwanza, tumshushe paka, kisha twende ukweni. Lakini njiani tukapata pancha, jua likapanda, na Bi Mwanajuma si mtu wa kuwekwa akingoja. Tukaenda moja kwa moja. Nikasema begi la Manjano litakaa garini na Rukia.

Lakini nyinyi mwajua desturi zetu. Mgeni wa upande wa bwana harusi habebi kitu chake. Kabla sijatia mguu chini wanawake wametuzunguka kwa vigelegele na ngoma za matwari, na chochote kilichofunikwa leso kimeshanyakuliwa. Nikapaza sauti, "Hilo silo! Hilo silo!" Nani akusikie penye matwari? Nilipofika ukumbini mabegi yote mawili yamekaa juu ya mkeka, leso za aina moja, maua yale yale, na shangazi yake Saumu amepiga goti mbele ya lile lenye paka, tayari kutangaza kila kitakachotoka.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia Bi Mwanajuma, jasho linanitiririka.

"Marahaba. Fungueni tuone watu wa Matuga wametuletea nini."

Leso ikaondolewa. Zipu ikavutwa. Yule shangazi, aliyekuwa amevuta pumzi atangaze "Manukato!", akabaki kinywa wazi. Manjano akatoa kichwa, akapiga miayo, akatoka taratibu akajinyoosha juu ya mkeka mbele ya kadamnasi. Nikamwona Saumu mlangoni, machozi yanamlenga, na nikajua mdogo wangu amekosa mke kwa ajili yangu.

Hapo mdomo ukanitangulia. "Ndiyo mila yetu Matuga," nikasema, kifua mbele. "Kabla ya nguo, bibi harusi hupewa paka, maana nyumba yenye paka ina baraka." Rukia, aliyekuwa amenifuata mbio kutoka garini, akanifinya hata leo alama ipo.

Bi Mwanajuma akalitazama begi, akalipapasa kitako, akazitazama zile nyavu na zipu, kisha akanitazama mimi. "Alhamdulillahi," akasema. "Pigeni vigelegele." Nguo zikafunguliwa, mambo yakaenda, na Manjano akabaki huko. Shangazi Mishi akaniuliza, "Paka wangu yuko wapi?" Nikamjibu, "Ameolewa."

Siku ya harusi yenyewe, shangazi huyo huyo (hajui kunong'ona tangu azaliwe) akamwona Manjano amenona juu ya kitanda cha bibi harusi, akaambiwa ndiyo mila ya Matuga, akapiga ukelele, "Si huyu paka niliyeahidiwa wa panya? Tangu lini kwetu tukatoa paka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Mwanajuma akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu," akaniambia, "mabegi ya harusi nimeyaona tangu ningali mwari. Hayana madirisha."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Nilikuwa natafuta sababu ya kuwakataa. Halafu nikamwona yule mnyama katoka safarini na usingizi machoni. Nikasema, watu wanaomtunza paka hivi, mjukuu wangu hatateseka kwao."

Nililia, siwafichi, nikambusu mikono.

Begi lile ninalo mpaka leo, na paka wangu wote wamesafiri ndani yake. Lakini leso juu yake? Wallahi sitii tena. Paka wangu akisafiri, aonekane na dunia nzima.